Zemi za kuchonga pale Zona Colonial, Santo Domingo: ya mbao chukua, ya rezini achana nayo

Haya wadau, kama una safari ya Santo Domingo, mji mkuu wa Jamhuri ya Dominika, na unataka kurudi na kitu cha Wataino, wale wenyeji wa kale wa Karibi, basi soma hii kabla hujatoa pesa, maana pale Zona Colonial, mji mkongwe, zemi (sanamu za roho zao) zimejaa kila kona, Calle El Conde nzima na vichochoro vyake vyote, halafu ukienda Mercado Modelo kwenye Avenida Mella ndo kabisaa, rafu kwa rafu, macho yametoboka meno nje, na kila muuzaji anakuapia yake ni ya kale, imetoka pangoni jana. Hakuna ya kale pale. Ya kale yenyewe haitakiwi kuuzwa, nitafika huko. Kinachouzwa ni nakala, na nakala zenyewe zinatofautiana sana, kuna iliyochongwa na mtu anayejua anachonga nini na kuna iliyomiminwa kwenye kalibu na wenzake mia siku hiyohiyo.

Mimi nilichukua za aina tatu ili nikae nazo nizilinganishe vizuri: ya mbao iliyochuchumaa yenye kisahani kichwani, jiwe la ncha tatu, na ile ya rezini, aina ya plastiki ya kumimina, ambayo ipo karibu kila duka. Kwa wasio na muda wa kusoma yote: mbao nyota nne na nusu, jiwe nyota nne, rezini nyota moja na hiyo moja yenyewe ni ya huruma.

Sasa mjue kwanini nyota zimekaa hivyo. Zemi haikuwa pambo la sebuleni. Wataino ndo wale Columbus aliowakuta mwaka 1492, walikuwa wamejaa kisiwa cha Hispaniola ambacho leo ni Jamhuri ya Dominika na Haiti, pia Puerto Rico, Cuba, Jamaika na Bahama, na kwao zemi ilikuwa ni roho yenye nguvu, inaweza kuwa ya babu aliyekufa, ya mvua, ya muhogo, ya kimbunga, na kile kitu roho hiyo inamokaa nacho kiliitwa zemi hivyohivyo. Kitu chenyewe kilikuwa mbao, jiwe, mfupa, udongo, kombe la baharini, hata pamba. Mtawala wa eneo, kasike, alikuwa na zake kadhaa na hadhi yake ilikwenda na nguvu za zemi zake, mpaka makasike walikuwa wanaibiana. Kwa hiyo ukishika nakala swali la kwanza ni je, hii ingeweza kufanya kazi ile? Ukiwa na swali hilo tu kichwani, nusu ya duka unaivuka bila hata kusimama.

Nianze na ya mbao.

Nimeipata kwa fundi mmoja ana kikarakana kidogo ndani ya kichochoro nyuma ya El Conde, mbele anauza shanga za larimar (jiwe lao la bluu) na kaharabu kama majirani zake wote maana ndo zinamlipia kodi, nyuma ndo kuna patasi na vumbi la mbao. Urefu wake kama shubiri moja na nusu. Imechuchumaa, magoti yamekunjwa, mikono imeshika magoti, mbavu zinahesabika moja moja, uti wa mgongo umechorwa pingili kwa pingili, na kichwani kimesimama kijiti kifupi kimebeba kisahani cha mviringo. Meno ni kipande cha kombe jeupe kimepachikwa, yamekenuliwa yote. Macho ni mashimo matupu.

Watu wengi wakiiona wanadhani ni kitu cha kutisha au wanadhani ni mgonjwa. Hizo mbavu zina sababu yake jamani! Kabla ya kuongea na zemi, kasike au behike (huyo ndo mganga wao) alikuwa anafunga kula, halafu anajitapisha kwa kijiti laini kilichochongwa mara nyingi kwa ubavu wa nguva, anaingiza kooni mpaka tumbo liwe jeupe. Ndipo anakaa kwenye duho, kigoda cha mbao kifupi chenye mgongo mrefu umelala nyuma, na hapo inakuja kohoba. Kohoba ni unga wa mbegu za mti unaoitwa kitaalamu Anadenanthera peregrina, unga mkali unaoleta maono, wanauvuta puani kwa mrija wenye matawi mawili unaoingia pua zote kwa pamoja. Na huo unga unawekwa wapi? Kwenye kisahani kile kilicho kichwani kwa zemi. Yaani sanamu ilikuwa ni meza, na ni mwenyeji wa kikao, na ni yule unayekuja kumsikiliza, vyote kwa pamoja. Padri Las Casas aliyeishi kisiwani miaka ile ameeleza alivyokuwa anakaa kasike baada ya kuvuta, kichwa kimeinama upande, mikono juu ya magoti, kimya, kisha anainua uso juu na kuanza kusema. Sasa angalia tena sanamu, mikono iko wapi? Magotini.

Ndo maana nakala ya mbao isiyo na kisahani mimi siigusi. Na zipo nyingi! Kuna wachongaji wanakiondoa ili sanamu isimame vizuri kwenye rafu au ili isivunjike kwenye begi, wengine wanakigeuza kofia, nimeona moja kisahani kimechongwa kama maua juu ya kichwa, nikacheka peke yangu dukani. Huyu fundi wangu kisahani chake kina ukingo ulioinuka kidogo pembeni, unga ungekaa bila kumwagika. Nilimuuliza makusudi kwanini ameweka ukingo, akanijibu sasa unga utashikwa na nini, kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na maswali ya watalii, na mimi hapohapo nikajua hapa nanunua.

Ishu ya mbao yenyewe. Zemi za kale nyingi ni za guayacán, mti mgumu mno na mzito kuliko maji, ukiudumbukiza unazama, wale mnaojua mpingo mtanielewa. Guayacán leo imo kwenye orodha ya CITES ya miti ambayo biashara yake inadhibitiwa kwa hiyo ukiambiwa zemi ya bei rahisi ni guayacán halisi weka shaka. Fundi wangu alisema wazi kwamba hii ni caoba, mkangazi wa Karibi, hakunidanganya, na caoba inachongeka vizuri ila ni nyepesi zaidi, ukiishika mkononi unahisi kuna kitu kimepungua. Ile maarufu iliyopo Metropolitan Museum kule New York ina urefu wa sentimita 68 hivi, ni guayacán, ina meno ya kombe, na kipimo cha kaboni kimeiweka karibu na mwaka 1000, yaani ilichongwa karibu miaka mia tano kabla Mhispania wa kwanza hajatia mguu. Fundi anayo picha yake ukutani imekunjamana, na ukilinganisha unaona mbavu amezifuata vizuri, na ile mikanda ya pamba kwenye mikono ameichora kwa msumari, kazi safi.

Nusu nyota nimeikata kwa vanishi. Amepaka vanishi nzito ya kung'aa mpaka inaonekana kama mguu wa kochi. Nilimwambia ninayoitaka haina vanishi akasema wateja hawanunui isiyong'aa, sawa, biashara ni biashara, ila kama utapita kwake mwambie mapema akuwekee moja iliyopigwa msasa tu. Halafu macho, za kale mashimo yale yalipachikwa kombe au dhahabu, yeye ameyaacha wazi, hilo silihesabu kama kosa kwa sababu nyingi zilizobaki mapachiko yameshang'olewa zamani na tumezoea kuziona zikiwa hivyo.

Bei alianzia pesos elfu nne na mia tano tukamalizana elfu tatu na mia tano, keshi. Ukitaka kulipa kwa kadi kwenye maduka makubwa uliza kabisa kama ITBIS imo au haimo, ile kodi yao ni asilimia 18 na wengine wanaiongeza mwisho ukiwa umeshafungua pochi.

Nisogee kidogo nje ya mada. Kuna maandishi ya mtawa mmoja Mkatalani, Ramón Pané, Columbus alimtuma akakae na watu wa kasike Guarionex ajifunze lugha yao na aandike imani zao, akamaliza karibu mwaka 1498, na mengi tunayoyajua kuhusu zemi yametoka kwake. Anaeleza zemi ya mbao inavyopatikana. Mtu anapita zake porini anaona mti unatikisa mizizi, anasimama kwa woga, anauuliza wewe ni nani. Mti unamwambia niitie behike yeye ndo atakwambia. Behike anakuja, anavuta kohoba, anasimama na kuusalimia mti kwa vyeo vyote kama anavyosalimiwa bwana mkubwa, kisha anauuliza niambie wewe ni nani na unafanya nini hapa, unataka nini kwangu, umeniitia nini, unataka nikukate, unataka kuja na mimi, nikubebeje, maana nitakujengea nyumba na kukupa shamba. Na mti unajibu, unasema unataka kuchongwa kwa umbo gani. Mnaona? Mchongaji hakukaa akajibunia. Mti ndo ulitoa oda! Kwa hiyo mtu anapokuuzia zemi akasema "hii nimeibuni mwenyewe, ni ya kisasa" mimi binafsi napita, ingawa naelewa msanii naye ana haki yake.

Kwa fundi huyohuyo kulikuwa na mbwa wa mbao, huyo ni Opiyelguabirán, zemi mwenye miguu minne. Pané anasema alikuwa anatoroka usiku anaingia porini wanamfuata wanamrudisha amefungwa kamba, na Wakristo walipofika kisiwani akatoroka moja kwa moja akazama kwenye ziwa, wakafuata nyayo zake mpaka majini na hawakumwona tena. Hadithi hii inanigusa kila nikiikumbuka. Mbwa mwenyewe wa fundi hakuwa mbaya lakini alikuwa na uso wa mbwa wa kufugwa mjini, masikio yamelegea, hana habari ya kutoroka, nikamwacha palepale.

Tuje kwenye jiwe.

Jiwe la ncha tatu wenyewe kwa Kihispania wanaliita trigonolito, na ndo umbo la zemi ambalo ukiliona mara moja husahau tena, limekaa kama kilima, ncha moja juu, ncha mbili pembeni, mara nyingi upande mmoja kuna uso na upande wa pili kuna miguu iliyokunjwa kama ya chura. Za kale zimepatikana kwa wingi hasa Puerto Rico na upande wa mashariki wa Hispaniola. Mkubwa wa zemi zote alikuwa Yúcahu Bagua Maórocoti, mwenye muhogo na bahari, hana baba, mama yake ni Atabey, na wataalamu wengi wanayahusisha mawe haya na yeye kwa sababu muhogo ndo ulikuwa chakula chao kikuu, wanaukuna wanaukamua sumu wanapika mkate wa casabe ambao mpaka leo Dominika unauzwa madukani. Mawe haya yalihusishwa na rutuba ya shamba, yanazikwa kwenye konuko, yale mashamba yao ya matuta ya muhogo, ili mazao yatoke.

Na kuna kisa kwa Pané kinanifanya nilipende jiwe hili kuliko hata ile ya mbao. Watu wa Guarionex walichukua sanamu za Kikristo kutoka nyumba ya sala iliyoachwa na watawa, wakazifukia shambani, wakazikojolea na kusema sasa mazao yako yatakuwa mema na makubwa. Wahispania wakaona ni kufuru, Bartholomew Columbus, ndugu yake Columbus, akaamuru waliofanya hivyo wachomwe moto hadharani. Lakini ukijua habari ya mawe ya ncha tatu unaona kabisa walichokuwa wanafanya, wamepewa zemi za wageni, wamezipeleka mahali ambapo zemi inafanya kazi, shambani, chini ya udongo. Watu wamechomwa kwa kilimo, aisee.

La kwangu limechongwa kwa jiwe laini la chokaa la rangi ya maziwa, zito vizuri, linajaa viganja viwili, uso umetulia na pua pana, miguu ya nyuma imechorwa kwa mistari miwili mitatu tu na inatosha. Pesos elfu mbili. Nilichokipenda ni kwamba mchongaji hakulipaka rangi ya kulizeesha, ile kahawa na tope wanayopaka wengine ili ufikiri limechimbuliwa, ukilikwangua kwa kucha linabaki jeupe na hakuna anayekudanganya. Kasoro ni tumbo la chini. Ya kale mengi chini yamebonyea kidogo, hili la kwangu limesawazishwa tambarare kabisa kwa mashine ili likae mezani bila kucheza, na ukiligeuza unaona alama za diski. Nyota moja imeondoka hapo. Pia niseme mawe ya kale yenyewe yalisuguliwa mpaka yanateleza mkononi, bila chuma chochote, jiwe kwa jiwe na mchanga na maji, na hili la kwangu bado linakwaruza kidogo.

Kama unapenda vya udongo, nenda Yamasá, mkoa wa Monte Plata, kuna karakana ya ndugu wa Guillén wanaofinyanga kwa mtindo wa Wataino, vyungu vyenye vichwa vidogo vya roho kwenye mikono yake. Hiyo ni habari nyingine, siipimi hapa.

Sasa rezini. Hii sina maneno mengi. Ni kile kisanamu chenye uso umekasirika na mikono miwili imezunguka kama herufi S, wanakiuza kama Guabancex, bibi wa vimbunga, na zipo pia kwenye minyororo ya funguo, sumaku za friji, vifungulio vya chupa. Guabancex mwenyewe kwa Pané ni zemi mwanamke, mwili wake ni mawe, akikasirika anaamsha upepo na maji anabomoa nyumba na kung'oa miti, na ana wasaidizi wawili, Guataubá anayetangulia kama mpiga mbiu na Coatrisquie anayekusanya maji mabondeni halafu anayaachia yote kwa mpigo. Mtu aliyepitiwa na kimbunga cha Karibi haoni hapo hadithi, anaona ripoti ya hali ya hewa. Na huyu bibi ndo amewekwa kwenye kifungulio cha bia.

Kisanamu changu kina mshono wa kalibu unaopita katikati ya paji la uso mpaka kidevuni, hawakuufuta. Chini kuna kikaratasi kinasema ni mungu wa bahati na mapenzi. Bahati na mapenzi! Duka la jirani sura hiyohiyo, kalibu hiyohiyo, kikaratasi kinasema mungu wa jua. Na rafu ya pembeni kulikuwa na zemi zenye manyoya kichwani kama Waazteki na nyingine zina mdomo wa sanamu za visiwa vya Pasifiki, kila kitu "taíno". Pesos mia sita nikashushiwa mpaka mia nne, na hata mia nne ni nyingi.

Ila sitaki mtu aseme naichukia rezini kwa sababu ni ya kisasa, hapana. Wataino wenyewe hawakuwa na shida na vitu vipya. Kule Roma, makumbusho ya Pigorini ambayo sasa yapo chini ya Museo delle Civiltà, kuna zemi ya pamba na shanga iliyotengenezwa miaka ya 1510 hivi, Wahispania wakiwa wameshafika, ina shanga za kombe za kwao, ina shanga za kioo kutoka Ulaya, ina vioo vya kujitazamia, na uso wake mmoja umechongwa kwa pembe ya faru kutoka Afrika. Pembe ya faru wa Afrika, ndani ya zemi ya Karibi, miaka michache tu baada ya Columbus! Fundi wa wakati ule alipata malighafi ngeni kutoka pande mbili za bahari akaona hii ina nguvu, naiweka usoni. Kwa hiyo shida ya kile kisanamu cha rezini si rezini. Mtu aliyekitengeneza hakujiuliza ni nani huyu na anafanya nini, basi.

Ushauri wangu, kabla hujanunua chochote nenda kaone za kale. Makumbusho ya akiolojia ya Altos de Chavón, La Romana, yametulia, unaona duho, mirija ya kohoba, vijiti vya kutapikia, mawe ya ncha tatu makubwa kwa madogo, na ukitoka pale jicho lako limeshafundishwa, huwezi tena kuuziwa kofia ya maua. Centro León kule Santiago nao wana vya Wataino, na kama upo kaskazini ni karibu zaidi. Za mbao ni chache kuliko unavyotegemea kwa sababu mbao inaoza, zilizobaki nyingi zilifichwa mapangoni pakavu au zilizama kwenye maji yasiyo na hewa, mfano Manantial de la Aleta, kisima cha asili ndani ya hifadhi ya mashariki ambako miaka ya 1996 na 1997 wapiga mbizi walitoa duho, vyombo vya mbao na hata vikapu vikiwa bado vinatambulika. Na nyingine zilizopona ziko mbali na nyumbani. Tatu za Jamaika zilizokutwa pangoni mwaka 1792 zikapelekwa Uingereza, mbili kati ya hizo zimekuwa maarufu, yule mtu-ndege na yule mwenye mifereji ya machozi mashavuni ambaye wengi wanamwita Boinayel, mleta mvua, zipo British Museum na mwaka 2019 waziri wa utamaduni wa Jamaika, Olivia Grange, alisema wazi kwamba wanazitaka zirudi. Mpaka leo ukitaka kumwona mleta mvua wa Jamaika unapanda ndege kwenda London, mji ambao kwa mvua haukuwa na upungufu.

Ndo hapo narudi kwenye sheria. Jamhuri ya Dominika ina sheria namba 318 ya mwaka 1968 inayolinda urithi wa utamaduni wa taifa, kitu cha kale cha kuchimbuliwa hakitoki nchini kienyeji. Sasa yule anayekunong'oneza nyuma ya duka kwamba anacho cha kweli cha babu yake, ama anakuuzia feki kwa bei ya kweli au anakuuzia kesi. Vyote viwili mwache. Kwa fundi mzuri omba risiti imeandikwa kabisa kwamba ni nakala ya kisasa, wa kwangu aliandika kwa mkono, jina la umbo, aina ya mbao, mwaka, akagonga muhuri wake.

Huduma kwa ujumla kwa fundi wa mbao ni nzuri kama huna haraka. Anaongea Kihispania tu, anaongea polepole ukimwomba, na hajaniambia hata mara moja kwamba sanamu italeta bahati nyumbani, kitu ambacho madukani kule nje nimekisikia mpaka nimechoka. Alipoona nimeshika kisahani ili kuinyanyua alinikemea, akanionyesha nishike kiunoni kwa mikono miwili. Ufungaji wake ndo dhaifu, magazeti na gundi ya karatasi, kisahani kinaweza kukatika shingoni kikigongwa, kwa hiyo beba taulo lako au nunua yale mapovu ya plastiki supamaketi, zungushia kwanza kile kijiti cha kichwa halafu ndo mwili mzima, na ipande na wewe kwenye ndege. Lile jiwe liweke kwenye begi la kupakia chini. Zito, lina ncha tatu, na ukilipitisha mkononi pale kwenye mashine ya ukaguzi utaanza kueleza habari za Yúcahu na muhogo kwa mtu mwenye foleni ya abiria mia mbili nyuma yako.